Vikumbo vya Columbus

Jim Tressel alipokuwa kocha mkuu wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State, kati ya mwaka 2001 na 2010, benchi lake la ufundi lilikuwa na zawadi ya wiki kwa mchezaji aliyepiga kikumbo kikali kuliko wenzake wote. Zawadi hiyo ilibeba jina la Jack Tatum. Vijana walioipigania walikuwa hawajazaliwa Tatum alipomaliza masomo, lakini mjini Columbus hakuna anayehitaji kuelezwa Tatum ni nani. Ni beki wa jezi namba 32, aliyeisaidia timu kutwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 1968. Ndiye pia aliyemgonga Darryl Stingley mwaka 1978, na Stingley hakusimama tena kwa miguu yake hadi alipofariki.

Historia ya wapiga vikumbo wa Ohio State haisimuliki nusu. Ukianza kuhesabu waliowaangusha wenzao, hufiki mbali kabla hujaanza kutaja shingo: za waliogongwa, na mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyokumbuka, za wale waliogonga.

Kwa msomaji aliyezoea soka au raga, mchezo wenyewe si mgumu kuufuata. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani zaidi kidogo ya mita 9. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira huhamia kwa wapinzani. Kazi ya upande wa ulinzi ni kuzuia, na kuzuia maana yake ni kumlaza chini mwenye mpira. Wachezaji huvaa helmeti na ngao za mabega, na kwa sababu hiyo huingia kwenye mgongano kwa kasi ambayo mtu asiye na kinga asingethubutu.

Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, huupenda mchezo huu kupita kiasi. Uwanja wa chuo, wenye umbo la kiatu cha farasi, ulifunguliwa mwaka 1922 na leo unaingiza zaidi ya watu 100,000. Timu inaitwa Buckeyes, jina la mti wa jimbo hilo. Tangu mwaka 1968 mchezaji anayefanya jambo la maana uwanjani hubandikiwa kwenye helmeti yake stika ndogo yenye jani la mti huo, na msimu ukifika ukingoni helmeti za wakali huwa hazina tena nafasi ya kubandika.

Wa kwanza kuheshimiwa kweli kwa kazi ya ulinzi alikuwa mtoto wa hapo hapo mjini. Bill Willis alizaliwa Columbus mwaka 1921, akasoma East High School, akaingia Ohio State mwaka 1941, mwaka ule ule kocha Paul Brown alipoichukua timu. Msimu wa pili tu, 1942, wakatwaa ubingwa wa taifa, wa kwanza katika historia ya chuo. Willis alikuwa mtu mweusi katika mchezo ambao weusi walikuwa wachache mno, na alikuwa mwepesi kwa mtu aliyepangwa katikati ya ukuta wa mbele, mahali ambapo timu hupenda kuweka watu wa miraba minne. Wapinzani waliokuwa wakubwa kuliko yeye hawakujua wamshike wapi.

Siri yake ilikuja kuonekana vizuri zaidi mwaka 1946, alipokwenda kufanya majaribio kwa Brown, ambaye sasa alikuwa akiunda timu mpya ya kulipwa mjini Cleveland. Mo Scarry, aliyekuwa anaanzisha mpira kwa kuupitisha nyuma katikati ya miguu yake, alipitwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akalalamika kwamba Willis anaondoka kabla mpira haujaanzishwa. Makocha wakasogea, wakainama kuangalia. Willis hakuwa akiiba. Alikuwa akivitazama vidole vya Scarry vilivyoushika mpira, na vilipokaza tu, yeye alikwisha kuondoka. Alipata mkataba.

Mwaka huo Willis na mwenzake wa Cleveland, Marion Motley, pamoja na Kenny Washington na Woody Strode kule Los Angeles, waliuvunja ukuta uliokuwa umewafungia weusi nje ya futiboli ya kulipwa kwa zaidi ya miaka 10. Ilikuwa mwaka mmoja kabla Jackie Robinson hajaingia ligi kuu ya besiboli. Timu ya Cleveland iliposafiri kwenda Miami mwezi Desemba, Willis na Motley walibaki, kwa kuwa Florida ilikataza weusi na weupe kucheza pamoja. Mwaka 1950, katika mechi ya mtoano dhidi ya Giants wa New York, Gene Roberts aliponyoka na mpira akielekea kufunga. Willis akamfukuza kutoka nyuma na kumlaza hatua chache kabla ya mstari. Cleveland walishinda 8–3, kisha wakawa mabingwa. Pigo hilo halikumvunja mtu mfupa. Lilikuwa kali kwa sababu lilifika kwa wakati, na ndicho kipimo kinachostahili kuwekwa mbele ya wote waliomfuata. Ohio State waliistaafisha jezi yake namba 99 Novemba 2007. Alifariki mwezi huo huo, akiwa na miaka 86.

Woody Hayes alianza kuifundisha Ohio State mwaka 1951. Alikuwa mtu wa hasira, msomaji mkubwa wa historia ya vita, na aliamini mpira unapaswa kubebwa ardhini, hatua kwa hatua, mpaka mpinzani achoke. Kufikia mwaka 1967 watu walikuwa wameanza kumchoka yeye. Purdue, chuo cha jimbo jirani la Indiana, walikuja Columbus mwaka huo wakaifunga timu yake 41–6 mbele ya watu wake.

Lakini katika kikosi cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao enzi hizo hawakuruhusiwa kucheza mechi za timu kubwa, kulikuwa na kundi la vijana waliokuwa wakiwapa kazi wakubwa zao mazoezini. Mmoja wao alikuwa Jack Tatum, mzaliwa wa Cherryville, North Carolina, aliyekulia Passaic, New Jersey. Hayes alimsajili akimtaka abebe mpira. Lou Holtz, kocha kijana wa mabeki ambaye baadaye angejulikana nchi nzima akiwa Notre Dame, alimshawishi mkubwa wake amwachie kijana huyo upande wa ulinzi.

Tarehe 12 Oktoba 1968 Purdue walirudi Columbus wakiwa namba moja nchini. Silaha yao ilikuwa Leroy Keyes, mtu aliyejua kukimbia na mpira, kuudaka na hata kuurusha. Mwisho wa msimu huo angeshika nafasi ya pili katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, nyuma ya O.J. Simpson. Ohio State walimpa Tatum, aliyekuwa anaanza tu mwaka wake wa pili chuoni, kazi moja: Keyes akienda kushoto, nenda kushoto, akitoka pembeni kusubiri pasi, toka naye, akipewa mpira, mlaze.

Tatum alifanya hivyo mchana kutwa. Haikuwa kazi ya kikumbo kimoja cha kuwainua watu vitini. Keyes alikuta bega lile lile linamsubiri kila alipogeuka, mpaka Purdue wakaanza kutafuta njia nyingine, na njia nyingine hazikuwepo. Mapumziko yalifika 0–0. Kipindi cha pili Ted Provost aliinasa pasi ya Purdue akakimbia nayo hadi kufunga, na baadaye Bill Long, aliyeingia baada ya kuumia kwa Rex Kern, kwotabeki wao, yaani mwongoza mashambulizi anayerusha pasi, akapenya mwenyewe na mpira. Ikaisha 13–0. Timu iliyokuwa inaogopwa kuliko zote nchini haikupata hata pointi moja.

Hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote za Jack Tatum. Video zinazosambaa huonyesha zaidi mambo aliyoyafanya baadaye akiwa mchezaji wa kulipwa, helmeti zikiruka na watu wakilala bila kujitambua. Kwa ufundi wa mchezo, hakuna alichokifanya baadaye kinachozidi mchana ule: mchezaji bora wa timu bora alifutwa uwanjani, akaondoka kwa miguu yake.

Msimu ukaendelea hivyo hivyo. Michigan, mahasimu wa jadi, walipigwa 50–14. Siku ya mwaka mpya wa 1969, katika uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena, O.J. Simpson aliwakimbia yadi 80 hadi kufunga, lakini Ohio State wakawalaza Southern California 27–16 na kutangazwa mabingwa wa taifa bila kupoteza mechi. Katika misimu mitatu ya Tatum timu ilishinda mechi 27 na kupoteza 2 tu. Mwaka 1970 alimaliza wa saba katika kura za Heisman, jambo la nadra sana kwa beki.

Mwaka 1971 Raiders wa Oakland walimchagua akiwa wa 19 katika mgawanyo wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa. Kule alikuta timu iliyojivunia kuogopwa, na ligi ambayo mdakaji mpira anayeruka katikati ya uwanja alikuwa halali ya yeyote. Tarehe 9 Januari 1977 alirudi Pasadena, uwanja ule ule alikopata ubingwa akiwa mwanafunzi, safari hii kwa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Sammy White wa Minnesota alidaka pasi. Tatum akamfikia, na helmeti ya White ikamtoka kichwani. White hakuuachia mpira. Raiders walishinda 32–14, na picha ya helmeti ile ikawa kitambulisho cha Tatum.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 12 Agosti 1978, Raiders walikuwa nyumbani Oakland wakicheza na Patriots wa New England. Ilikuwa mechi ya kujiandaa na msimu, isiyohesabiwa popote. Darryl Stingley wa Patriots alikuwa na miaka 26, mzaliwa wa Chicago. Alikuwa amesoma Purdue, chuo kile kile ambacho Tatum alijijengea jina dhidi yake, na mwaka 1973 naye alichaguliwa wa 19. Stingley alikata kuelekea katikati. Pasi ya kwotabeki Steve Grogan ikaja juu kidogo, akaruka kuifuata akiwa amenyoosha mikono, akaikosa. Tatum alikuwa anakuja kutoka upande wa pili. Walipokutana, Stingley alikuwa bado anashuka, kichwa kimeinama.

Alianguka hakusogea. Pingili mbili za shingo zilikuwa zimevunjika. Waamuzi hawakutupa kibendera cha njano, kwa sababu chini ya sheria za wakati huo Tatum hakuwa amevunja sheria yoyote.

John Madden, kocha wa Raiders, alikwenda hospitali na akaendelea kwenda. Tatum alisema kwamba naye alijaribu kwenda akazuiwa. Kinachojulikana ni kwamba yeye na Stingley hawakupata kuzungumza. Kitabu cha Tatum, They Call Me Assassin (Wananiita Muuaji), kilitoka wakati Stingley bado anajifunza kuishi kwenye kiti cha magurudumu, na jina la kitabu peke yake lilitosha kuongeza maumivu. Mwaka 1996 mpango wa kuwakutanisha kwenye televisheni ulivunjika baada ya upande wa Stingley kugundua kwamba Tatum alikuwa na kitabu kingine cha kuuza. Stingley alifariki Aprili 2007.

Mtu aliyelelewa kwamba mgonjwa hujuliwa hali, na kwamba aliyemwumiza mwenzake, hata kwa bahati mbaya, huenda akakaa naye, atapata shida kumwelewa Tatum. Alikuwa na miaka karibu 29 ya kulitafuta neno moja. Lakini si haki kumwachia mzigo wote peke yake. Ligi ilikuwa imeuza picha za vikumbo vyake, timu ilimlipa kwa ajili ya vikumbo hivyo, na siku vilipozaa ulemavu walibaki watu wawili tu wa kujadiliwa. Kanuni za kumlinda mdakaji aliye hewani asiyeweza kujikinga zilichukua miaka mingi kukamilika.

Tatum mwenyewe alizeeka vibaya. Kisukari kilimla mguu, ukakatwa. Alirudi mara kwa mara Ohio kusaidia kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa huo. Moyo wake ulisimama Julai 2010, akiwa na miaka 61.

Vyuo, kwa upande wao, vilikuwa vimeshaanza kusikiliza madaktari kabla ya msiba wa Oakland. Joseph Torg, daktari wa mifupa mjini Philadelphia, alikuwa amekusanya taarifa za vijana waliovunjika shingo kwenye futiboli na kuona jambo ambalo wengi hawakulitarajia: aliyekuwa anapooza mara nyingi alikuwa yule aliyegonga, si aliyegongwa. Mchezaji akiinamisha kichwa na kutangulia na utosi, shingo hupoteza mkunjo wake wa asili na kunyooka, na nguvu yote ya mgongano huipitia pingili kwa pingili mpaka moja ishindwe. Helmeti nzuri ilikuwa imewafanya vijana wakigeuze kichwa kuwa silaha. Mwaka 1976 vyuo na shule za sekondari vilipiga marufuku kuanza mgongano kwa kichwa. Msimu huo vijana 34 walikuwa wamepooza moja kwa moja. Msimu uliofuata walikuwa 18, na mwaka 1984 walikuwa 5.

Ohio State ya miaka hiyo haikupungukiwa watu wa kazi. Randy Gradishar, aliyecheza 1971 hadi 1973 nyuma tu ya ukuta wa mbele, alitajwa na Hayes kuwa bora kuliko wote aliopata kuwafundisha katika nafasi hiyo. Tom Cousineau aliangusha watu mara 29 katika mechi moja dhidi ya Penn State Septemba 1978, siku ambayo timu yake ilifungwa 19–0, akamaliza msimu na mara 211. Marcus Marek aliyemfuata aliondoka mwaka 1982 na jumla ya 572. Hayes hakumwona Marek akifika huko. Tarehe 29 Desemba 1978, katika mechi ya Gator Bowl, Charlie Bauman wa Clemson aliinasa pasi na kusukumwa nje ya uwanja karibu na benchi la Ohio State. Hayes akampiga ngumi mbele ya kamera za taifa zima. Asubuhi yake alifukuzwa kazi, baada ya miaka 28.

Kisha akaja Chris Spielman, na hapa pana haja ya kwenda polepole.

Spielman alitoka Massillon, mji wa viwanda kaskazini mashariki mwa Ohio ambako futiboli ya sekondari hujaza uwanja kuliko timu nyingi za kulipwa za michezo mingine. Picha yake iliwekwa kwenye pakiti za Wheaties, nafaka za kifungua kinywa, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Hakuwa mrefu wala hakuwa na mbio za kutisha. Alikuwa na tabia ya kusoma mchezo kabla haujaanza na ya kutokubali kwamba mchezo umeisha. Mwaka 1986, dhidi ya Michigan, aliifikia rekodi ya Cousineau: mara 29 katika mechi moja. Nayo ilikuwa mechi waliyopoteza, 26–24. Si bahati kwamba rekodi zote mbili zilipatikana siku za kufungwa, kwani beki anayelaza watu mara 29 ni beki ambaye timu yake haitoki uwanjani kupumzika. Mwaka uliofuata kocha Earle Bruce alifukuzwa wiki ya mechi ya Michigan. Wachezaji wakavaa vitambaa vya kichwani vyenye jina lake na kwenda kushinda ugenini 23–20. Spielman akatwaa tuzo ya Lombardi, moja ya tuzo kubwa za wachezaji wa vyuo.

Alicheza miaka mingi ya kulipwa, hasa Detroit. Msimu wa 1998 aliupumzika wote ili amuuguze mkewe Stefanie aliyekuwa na saratani ya matiti, akanyoa nywele zake mkewe alipopoteza za kwake. Mwaka 1999 alirudi uwanjani akiwa na Cleveland. Katika mechi ya maandalizi alipigwa pigo moja, miguu ikafa ganzi kwa muda. Shingo yake ilikuwa imeshafanyiwa upasuaji. Akaacha. Stefanie alifariki mwaka 2009, na kituo cha saratani ya matiti cha Ohio State kina jina lake. Kati ya wapiga vikumbo wote wa chuo hicho, Spielman ndiye aliyejua kuondoka kabla mwili haujamlazimisha zaidi.

Andy Katzenmoyer hakupata nafasi ya kuchagua namna hiyo. Alikuwa na zaidi ya kilo 110 na alikimbia kama beki wa pembeni. Septemba 1997, dhidi ya Missouri, kwotabeki Corby Jones alitoka na mpira mkononi. Katzenmoyer akaja kwa kasi kamili akamkuta kifuani, na mlio wa ngao za mabega ulisikika kwenye matangazo. Mwaka huo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kwanza kupewa tuzo ya Butkus ya mlinzi bora anayecheza nyuma ya ukuta wa mbele. Mwaka 1999 alichaguliwa mapema na Patriots. Shingo ikamharibikia, na baada ya msimu wa 2000 hakucheza tena mechi ya ligi ya kulipwa.

Katika kikosi kile kile cha Ohio State alikuwemo Antoine Winfield, mtu mfupi wa Akron, mwenye sentimita 175 hivi. Beki wa pembeni kwa kawaida hukimbizana na wadakaji na kuwaachia wakubwa kazi ya kugongana. Winfield alikuwa akiingia chini ya magoti ya watu waliomzidi kilo 20, akawakunja, akainuka. Mwaka 1998 alikuwa Buckeye wa kwanza kutwaa tuzo ya Jim Thorpe ya beki bora nchini, kisha akacheza ligi ya kulipwa kwa miaka 14. Anastahili kuangaliwa tena na kila kocha wa watoto: bega chini, kichwa pembeni, mikono inafunga.

Hata pigo safi lina gharama yake. Fainali ya msimu wa 2002, iliyochezwa Januari 2003 Arizona, Ohio State walikutana na Miami waliokuwa mabingwa watetezi. Robo ya nne Willis McGahee wa Miami alipokea pasi fupi. Will Allen akaingia na bega, goti la McGahee likapinda upande ambao goti halipindi. Hapakuwa na kosa lolote. Ohio State walishinda 31–24 baada ya muda wa ziada mara mbili, ubingwa wao wa kwanza wa kauli moja tangu ule wa 1968. McGahee alirudi kucheza, na akacheza vizuri kwa miaka mingi.

Ryan Shazier alikuwa mwepesi kuliko wote hawa. Alitoka Florida, akacheza Columbus 2011 hadi 2013, na katika msimu wa mwisho aliangusha watu mara 143. Mwaka 2014 Steelers wa Pittsburgh walimchagua wa 15. Usiku wa tarehe 4 Desemba 2017, mjini Cincinnati, katika jimbo lile lile la Ohio, alimfuata mdakaji wa wenyeji, Bengals, aliyeshika pasi fupi. Aliinama, utosi ukatangulia. Lilikuwa jambo lile lile alilolieleza Torg miaka 40 kabla. Mdakaji aliinuka, Shazier alibaki chini, mkono ukishika mgongo, miguu haisogei. Alikuwa na miaka 25. Alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, na Aprili iliyofuata akapanda jukwaani kwa miguu yake, polepole, akimshika mchumba wake mkono, kutangaza jina la mchezaji mpya wa Steelers. Hakucheza tena, na mwaka 2020 alistaafu rasmi.

Wakati huo mchezo wa vyuo ulikuwa umeshabadilika. Tangu mwaka 2013 anayempiga kichwani au shingoni mpinzani asiyeweza kujikinga, au anayegonga kwa utosi, anatolewa nje. Bradley Roby wa Ohio State alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuonja kanuni hiyo, dhidi ya Iowa, Oktoba mwaka huo huo. Mashabiki walipiga kelele, wakisema mchezo umeharibiwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitoa matokeo ya ubongo uliotolewa na familia za wachezaji waliofariki: kati ya 53 waliofika kiwango cha vyuo, 48 walikuwa na ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwa mara kwa mara. Ubongo huo ulichangwa na watu waliokwisha kushuku tatizo, kwa hiyo hauwakilishi wachezaji wote. Hata hivyo, 48 kati ya 53 ni hesabu inayotosha kumnyima kocha usingizi.

Hatua ya maana zaidi ilichukuliwa kwenye uwanja wa mazoezi. Mwaka 2014 Chris Ash, kocha mpya wa ulinzi, aliwaletea Buckeyes namna ya kukaba ya raga, mchezo ambao huchezwa bila helmeti na kwa hiyo hauwezi kumfundisha mtu kutanguliza kichwa. Ni ukabaji ule ambao mtoto wa Nairobi anayecheza raga hufundishwa siku ya kwanza: kichwa nyuma au pembeni ya mwenye mpira, bega kwenye paja, mikono izunguke, miguu isisimame. Msimu huo Ohio State walikuwa mabingwa wa taifa, wakiifunga Oregon 42–20 kwenye fainali.

Mazoea ya zamani hayakufa siku moja. Tarehe 28 Desemba 2019, nusu fainali dhidi ya Clemson, Ohio State waliongoza 16–0. Shaun Wade alimvamia kwotabeki Trevor Lawrence na kumlaza, jaribio la tatu likawa limekufa. Marudio ya video yakaonyesha helmeti yake imetangulia. Wade akatolewa, Clemson wakapewa mpira tena, wakafunga, wakafunga tena kabla ya mapumziko, na mwisho wakashinda 29–23.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa mwisho wa mwaka 2022 mjini Atlanta, waliogongwa walikuwa wao. Ohio State walikuwa wanaongoza Georgia mwishoni mwa robo ya tatu. Marvin Harrison Mdogo, mdakaji wao bora, aliruka nyuma ya mstari wa kufunga kuifuata pasi, na beki Javon Bullard akamkuta huko juu. Kibendera cha njano kikatupwa. Waamuzi wakaenda kwenye video, wakaamua hapakuwa na pigo la kichwa, wakalifuta kosa. Harrison hakurudi uwanjani usiku huo. Ohio State wakaambulia pointi 3 badala ya 7, wakafungwa 42–41, mkwaju wao wa mwisho ukipita nje saa sita ya usiku. Columbus nzima, mji uliompa jina Jack Tatum, ilikesha ikidai kwamba kibendera kile kilistahili kubaki chini. Siku tisa baadaye Georgia waliifunga TCU 65–7 na kuchukua ubingwa.